Albrecht Dürer: Mwana wa Sonara Aliyehifadhi Vikombe Katika Karatasi

Dhahabu husifiwa kwa kudumu kwake. Haishiki kutu, haioozi, wala mchwa hawaili. Hata hivyo, historia ya sanaa ya Ulaya katika karne ya 15 na ya 16 yatufunza jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji. Vyombo vya dhahabu na fedha vya zama hizo vimepotea kwa wingi, ilhali karatasi nyingi zilizochorwa vyombo vya namna hiyo zingalipo. Sababu yake si ngumu kuielewa. Chombo cha dhahabu ni mali. Vita vinapozuka, deni linapodaiwa, au mtindo unapopitwa na wakati, mwenye mali hukitia chombo chake katika tanuri akapata madini yake. Karatasi haina faida yoyote ikitiwa motoni, na kwa hiyo huachwa sandukuni.

Mfano mmoja watosha. Mwaka wa 1536, Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alipomwoa Jane Seymour, msanii Hans Holbein alibuni kikombe cha dhahabu kwa ajili ya malkia huyo. Kikombe kilifuliwa, kikatumika, kikarithiwa, na hatimaye kikayeyushwa mnamo 1629. Mchoro wa Holbein ungalipo mjini Oxford hadi leo, na kila tao na kila jani la kikombe kile laonekana humo. Lakini kabla ya Holbein alikuwapo mtu mwingine ambaye maisha yake yote yalisimama baina ya dhahabu na karatasi. Huyo ni Albrecht Dürer wa Nuremberg. Wengi wamjua kama mchoraji wa mikono miwili iliyounganishwa kwa sala, au wa kifaru ambaye hakupata kumwona kwa macho. Ni wachache wanaomkumbuka kama mwana wa sonara, na ni huyo mwana wa sonara ninayetaka kumzungumzia.

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471 katika mji wa Nuremberg, ulio katika Ujerumani ya leo. Baba yake, ambaye pia aliitwa Albrecht, alikuwa mgeni. Alitoka kijiji cha Ajtós nchini Hungaria, akafika Nuremberg mwaka wa 1455, akafanya kazi katika karakana ya sonara Hieronymus Holper, na mwaka wa 1467 akamwoa Barbara, binti wa bwana wake. Walijaliwa watoto 18. Katika hao, ni watatu tu waliofikia utu uzima. Nuremberg wakati huo ulikuwa mji wa wafanyabiashara na mafundi. Shaba, fedha na chuma vilifuliwa humo na kuuzwa kote Ulaya. Kikombe cha fedha iliyopakwa dhahabu kilikuwa zawadi ya heshima. Wakuu wa mji walikitoa kwa mfalme aliyewazuru, na matajiri walikitoa katika arusi.

Kama ilivyokuwa desturi, mtoto Albrecht aliketishwa katika karakana ya babake ili ajifunze usonara. Hapo ndipo mkono wake ulipofundwa. Sonara hujifunza kwanza kuchora, kwa kuwa hawezi kufua asichokiona akilini mwake. Hujifunza pia kukwaruza nakshi juu ya chuma kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, na kazi hiyo haisamehe kosa. Mchoro wa kwanza wa Dürer tulio nao, alioufanya mwaka wa 1484 akiwa na umri wa miaka 13, ni sura yake mwenyewe. Aliuchora kwa ncha ya fedha, ambayo mstari wake haufutiki. Mchoro huo umehifadhiwa mjini Vienna.

Alipokwisha kuijua kazi, kijana alimwambia babake kwamba moyo wake uliegemea uchoraji kuliko usonara. Mzee alisikitika. Aliihesabu miaka ya mafunzo kuwa imepotea bure. Lakini hakumlazimisha mwanawe, na mwishoni mwa mwaka wa 1486 alimpeleka kwa mchoraji Michael Wolgemut kuwa mwanagenzi kwa miaka mitatu. Karakana ya Wolgemut ilitengeneza picha za kuchongwa katika mbao kwa ajili ya vitabu. Mchapishaji mkubwa wa mji huo, Anton Koberger, alikuwa baba wa ubatizo wa Dürer, naye alikuwa ameuacha usonara ili awe mpiga chapa. Kwa hiyo, njia aliyoifuata kijana huyu kutoka kwenye chuma kwenda kwenye karatasi ilikuwa imekwisha kukanyagwa na watu wa karibu naye.

Ukweli ni kwamba miaka ile ya karakana haikupotea. Kupiga chapa kwa bamba la shaba kulizaliwa katika karakana za masonara. Fundi hulishika bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, akaisukuma kalamu yake ya chuma mbele, huku mkono wa pili ukiligeuza bamba pole pole pale mstari unapopinda. Kisha wino husuguliwa ukaingia katika mifereji, uso wa bamba ukapanguswa, karatasi yenye unyevu ikawekwa juu, na vyote vikapitishwa katika shinikizo. Mafundi wa kwanza wa sanaa hii wengi wao walikuwa masonara au wana wa masonara. Mmojawapo alikuwa Martin Schongauer wa mji wa Colmar. Miongoni mwa kazi zake iko picha ya chetezo, chombo cha kufukizia ubani chenye minyororo, kilichochorwa kwa uangalifu mkubwa hata fundi angaliweza kukifua kwa kukitazama tu. Mwaka wa 1492 Dürer alifunga safari hadi Colmar ili ajifunze kwake. Alipofika alikuta Schongauer amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Ndugu zake marehemu walimpokea vyema.

Alirejea Nuremberg mwaka wa 1494, na mwezi wa Julai akamwoa Agnes Frey. Mkwewe, Hans Frey, alikuwa fundi wa shaba aliyesifika kwa kutengeneza chemchemi za mezani, yaani mitambo midogo iliyorusha maji au mvinyo katikati ya karamu. Hivyo kijana aliyeihama karakana ya dhahabu alijikuta ameingia katika nyumba ya shaba. Alisafiri Italia, akarudi, na mwaka wa 1495 akafungua karakana yake mwenyewe. Ndugu yake Endres ndiye aliyebaki katika usonara.

Tuzitazame sasa picha za Dürer kwa jicho la sonara. Mwaka wa 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha 15 za mbao. Katika picha ya yule mwanamke wa Babeli aketiye juu ya mnyama mwenye vichwa saba, mwanamke ameinua kikombe. Si kikombe cha kubuni tu. Ni kikombe cha masonara wa Ujerumani, chenye mguu, kifuniko, na mwili uliofuliwa kwa matuta. Miaka mitatu au minne baadaye aliichora shabani picha ya Nemesis, mungu wa kike wa malipo, akielea juu ya bonde la milima. Mkono mmoja ameshika hatamu ya kumzuia mwenye kiburi, na mkono wa pili ameshika kikombe kikubwa cha kumtuza anayestahili. Macho ya mtazamaji huvutwa na mabawa na milima. Lakini kikombe kile kimechorwa kwa ukamilifu, na fundi yeyote wa wakati ule alipoinunua karatasi hiyo alipata picha na kielelezo kwa pamoja. Halikadhalika, katika picha ya Mamajusi aliyoipaka rangi mwaka wa 1504, ambayo sasa imo mjini Florence, zawadi wanazomletea mtoto Yesu ni kazi safi ya usonara wa kaskazini.

Fauka ya hayo, alichora vielelezo vyenyewe kwa ajili ya mafundi. Daftari lake lililohifadhiwa Dresden lina ukurasa uliojaa vikombe sita. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London mna mchoro wake wa chemchemi ya mezani, uliotiwa rangi, na hapana shaka kwamba karakana ya mkwewe haikuwa mbali na fikira zake alipouchora. Vikombe alivyovibuni vina maumbo ambayo yataka maelezo. Viko vyenye matuta yaliyopangwa safu juu ya safu kama mbegu za tunda. Fundi huyafua kwa kuipiga fedha kutoka ndani, na mwanga unapoyaangukia kila tuta hung'aa kivyake. Vipo vikombe pacha, vinavyofunikana mdomo kwa mdomo hata vikaonekana ni chombo kimoja. Ipo miguu iliyosokotwa kama shina la mti, na vifuniko vilivyochipua maua. Nadhani Dürer aliviona vyombo kama mimea: vina shina, vina tumba, vina ua.

Lipo jambo la kutilia mkazo hapa. Hakuna hata chombo kimoja kinachojulikana kwa yakini kuwa ni kazi ya mikono ya Dürer mzee, aliyefariki mwaka wa 1502 baada ya kufua fedha na dhahabu kwa takriban nusu karne. Twalijua umbo la vikombe vya zama zake kwa sehemu kubwa kwa sababu mwanawe aliondoka karakanani. Mzee aliyesikitika kwamba miaka imepotea hangaliweza kulijua hilo.

Karatasi ilikuwa na nguvu nyingine, nayo ni nguvu ya kusafiri. Kikombe kimoja huwa katika nyumba moja. Bamba moja la shaba hutoa mamia ya karatasi, na kila karatasi hukunjwa mkobani ikavuka mipaka. Dürer aliziuza picha zake katika masoko na maonyesho ya biashara. Mkewe na mamake walishiriki kuziuza. Zilipendwa kiasi cha kuigwa. Herufi zake mbili, A iliyoikumbatia D, zikawa alama iliyotafutwa na wanunuzi na kughushiwa na walaghai. Mwaka wa 1512 baraza la mji wa Nuremberg lilimwamuru mtu mmoja mgeni, aliyekuwa akiuza picha zenye alama hiyo ya kughushi, aiondoe alama hiyo la sivyo bidhaa zake zitwaliwe. Tukio hilo ni miongoni mwa yale ya mapema katika historia ya kulinda jina la msanii.

Mnamo 1520 Dürer na mkewe walisafiri hadi nchi za Uholanzi na Ubelgiji za sasa. Aliweka shajara ya safari hiyo, akaandika kila senti aliyoitumia na kila zawadi aliyopewa. Wafanyabiashara wa Kireno walioishi Antwerp walimpa, pamoja na vitu vingine, nazi, tunda ambalo masonara wa Ulaya walilithamini mno. Kifuu ambacho katika pwani yetu ni kata ya kutekea maji, wao walikivisha miguu na mikanda ya fedha kikawa kikombe cha kifalme. Lakini tukio kubwa la safari lilikuwa Brussels, mwezi wa Agosti. Huko alionyeshwa hazina iliyoletwa kutoka Meksiko kwa Mfalme Charles wa Tano: jua la dhahabu tupu na mwezi wa fedha tupu, kila kimoja kikiwa na upana wa pima nzima, pamoja na silaha, mavazi na vitu vingine vya ajabu. Mwana wa sonara alivitazama akakiri kwamba katika maisha yake yote hakupata kuona vitu vilivyoufurahisha moyo wake kiasi hicho, na kwamba aliistaajabia akili ya watu wa nchi hizo za mbali. Hakusema kwamba ni kazi ya washenzi. Alizitambua kuwa ni kazi za mafundi wenzake.

Jua lile na mwezi ule haviko tena. Viliyeyushwa, kama ilivyoyeyushwa karibu dhahabu yote iliyotoka Meksiko. Dürer hakuacha mchoro wa vitu hivyo. Aliacha mistari michache ya maneno katika shajara, na maneno hayo ndiyo ushahidi mkubwa wa macho ya fundi tulio nao juu yake. Laiti angalichora hata ukurasa mmoja.

Alirudi nyumbani na homa iliyomshika baada ya safari ya majira ya baridi katika pwani ya Zeeland, ambako alikwenda kutafuta nyangumi aliyekwama ufukweni. Hakupona kabisa. Miaka iliyosalia aliitumia zaidi katika kuandika. Mwaka wa 1525 alichapisha kitabu cha mafunzo ya upimaji kwa bikari na rula, akamtunukia rafiki yake msomi Willibald Pirckheimer. Katika dibaji alieleza kwamba kitabu hicho hakikukusudiwa wachoraji pekee, bali pia masonara, wachongaji, waashi, maseremala na kila mtu anayehitaji kupima katika kazi yake. Kwa sababu hiyo hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wote wa Ulaya wakati huo. Alikiandika kwa Kijerumani, na ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hisabati kupigwa chapa kwa lugha hiyo.

Sisi tunaoshughulika na lugha twapaswa kukisoma kitabu hicho kwa makini. Dürer alikabiliwa na tatizo tunalolijua sote. Maarifa yalikuwapo kwa Kigiriki na Kilatini, lakini lugha yake haikuwa na istilahi. Alifanya nini? Alirudi karakanani. Mkunjo unaojizungushia kitovu chake aliuita mstari wa konokono, kisha akaonyesha jinsi unavyoweza kuvikwa majani ukawa kichwa cha fimbo ya askofu, ambayo ni kazi ya masonara. Parabola aliiita mstari wa kuunguza, kwa kuwa kioo chenye umbo hilo hukusanya miale ya jua mahali pamoja pakawaka moto. Haipabola aliiita mstari wa uma. Duaradufu aliiita mstari wa yai. Mwanagenzi aliyepata kuuona uma, yai na konokono hakuhitaji kwenda chuo kikuu ili aelewe kinachosemwa.

Jina hilo la yai lina kasoro, nayo yafaa kutajwa. Dürer aliona kwamba pia hupanuka kadiri inavyoshuka, akadhani kwamba ikikatwa mshazari, umbo litakalotokea litakuwa pana zaidi upande wa chini, kama yai hasa. Alikosea, ncha zote mbili za duaradufu ni sawa. Isitoshe, istilahi zake nyingi hazikudumu, na Wajerumani wa leo hutumia maneno ya asili ya Kigiriki. Je, basi alijitaabisha bure? Sivyo. Maneno yale yalifanya kazi yaliyotungiwa, nayo ni kumfungulia fundi mlango. Na mwaka wa 1532 mambo yaligeuka: kitabu cha fundi kikafasiriwa kwa Kilatini ili wasomi wa nchi nyingine wajifunze kwake.

Dürer mwenyewe hakuishi kuliona hilo. Alifariki Nuremberg tarehe 6 Aprili 1528, akiwa na umri wa miaka 56, na kitabu chake kuhusu vipimo vya mwili wa binadamu kilitoka miezi michache baadaye. Wengine waliendeleza njia hiyo. Albrecht Altdorfer wa Regensburg alitoa picha za chapa za vikombe katika miaka ya 1520. Nchini Italia, Agostino Veneziano alichapisha magudulia ya mtindo wa kale mnamo 1530 na 1531, na Enea Vico akatoa yake mwaka wa 1543. Nuremberg kwenyewe, Virgil Solis alichora vikombe, mabirika na mitungi kwa wingi hadi alipofariki mwaka wa 1562. Sonara Wenzel Jamnitzer, aliyetengeneza mwaka wa 1549 pambo kubwa la mezani ambalo sasa limo Amsterdam, alichapisha mwaka wa 1568 kitabu cha maumbo ya hisabati. Kufikia hapo karakana na kitabu vilikuwa vimezoeana.

Msomaji aweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yatuhusu sana. Ukifika Kamukunji jijini Nairobi utawakuta mafundi wa jua kali wakikunja bati na kufua sufuria, majiko na masanduku kwa vielelezo ambavyo vimo vichwani mwao tu. Masonara wa Lamu na wachongaji wa milango wa pwani nao wana nakshi walizorithi, na kila nakshi ina jina. Mafundi hao wana maneno: tindo, jiliwa, keekee, timazi, kalibu, kusubu, kukereza. Mengi ya maneno hayo mwanafunzi wa shule ya upili hayajui, na mwalimu wake huenda asiyajue. Tunapotafuta istilahi za sayansi na ufundi, aghalabu tunaketi mezani na kamusi ya Kiingereza, tukabandika irabu mwishoni mwa neno la kigeni, tukadhani kazi imekwisha. Silaumu ukopaji, hakuna lugha isiyokopa. Nasema tu kwamba kabla ya kukopa kwa jirani, yafaa kwanza kutazama ghalani.

Kazi hii haihitaji kamati kubwa wala fedha nyingi. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sanaa waweza kuwapeleka wanafunzi wao katika karakana iliyo karibu na shule, kila mmoja na daftari na penseli. Wamsalimu fundi kwa heshima, wachore chombo anachokitengeneza kutoka juu, ubavuni na chini, kisha waandike jina la kila sehemu, la kila kifaa na la kila tendo, kama anavyolitamka yeye. Madaftari hayo yakusanywe na kutunzwa maktabani. Mafundi hawa wanazeeka, na bati, kama dhahabu, hurudi motoni.